Msimu wa tuzo umewadia: Kwa nini jina la Lupita wa "Us" halifutiki kwenye mjadala

Kila mwaka msimu wa tuzo ukianza, mashabiki wa filamu hupanga tano zao. Nani atawania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, nani wa kiume, nani wasaidizi. Wanapanga, wanapangua, wanarushiana maneno. Na kabla mjadala haujafika mbali, lazima atokee mmoja aulize: na Lupita je, yule wa "Us"?

Filamu hiyo ilitoka Machi 2019. Tangu hapo Oscar zimegawiwa mara kadhaa na washindi wengine tumeshawasahau hata majina. Lakini swali la Lupita Nyong'o halijaisha, na si kwa sababu tu ni mwenzetu wa Kenya. Habari yake, ukiifuatilia vizuri, inaonyesha mlango wa Oscar unavyofunguliwa na unavyofungwa.

Hebu tuanze na kilichotokea.

Katika "Us", ya muongozaji Jordan Peele, Lupita anacheza watu wawili. Wa kwanza ni Adelaide, mama aliyekwenda likizo ufukweni na mumewe na watoto wawili. Wa pili ni Red, anayefanana naye sura na umbo, aliyekulia chini ya ardhi na sasa amepanda juu na mkasi mkononi. Adelaide muda wote yuko kama mtu anayeficha kitu. Red yeye hatembei kama binadamu wa kawaida, anateleza mgongo ukiwa wima, na sauti yake inakwaruza kama ya mtu ambaye hajaongea miaka mingi. Lupita alieleza kwamba aliijenga sauti hiyo kutokana na ugonjwa wa kweli unaokaza misuli ya koo. Wanaoishi na ugonjwa huo walilalamika, naye akaomba radhi.

Kwenye yale matukio wawili hao wako pamoja, unasahau kabisa kwamba unamwangalia mtu mmoja.

Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani kwa bajeti ya dola milioni 20. Wakosoaji wa New York wakamchagua Lupita mwigizaji bora wa kike wa 2019. Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG, kikamweka kwenye tano zake pamoja na Cynthia Erivo, Scarlett Johansson, Charlize Theron na Renée Zellweger.

Januari 13, 2020 Akademi ikatoa orodha yake. Erivo yumo. Johansson yumo. Theron yumo. Zellweger yumo, na ndiye aliyekuja kushinda kwa "Judy". Nafasi ya tano ikaenda kwa Saoirse Ronan wa "Little Women". "Us" haikupata uteuzi hata mmoja, wa kitu chochote kile.

Ronan ni mwigizaji mzuri, hilo halina ubishi. Ugomvi wa mashabiki hauko hapo. Ugomvi ni kwamba wakosoaji walimwona Lupita, waigizaji wenzake walimwona, watazamaji walijaza kumbi, halafu Akademi ikapita kama haijaona kitu. Inakuwaje?

Ni kura, lakini si kura unayoifikiria

Wengi hudhani wapo wazee fulani wanakaa kwenye chumba na kuamua. Hakuna chumba. Wanaoteua waigizaji ni waigizaji wenyewe, yaani tawi la waigizaji ndani ya Akademi, ambalo ndilo kubwa kuliko matawi yote. Kila mmoja anaandika majina hadi matano kwa mpangilio: wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Majina hayo hayahesabiwi sawa. Kura yako inaanza kwa jina uliloliweka juu kabisa. Chukulia zimerudi kura 1,200. Unazigawa kwa 6, yaani nafasi tano jumlisha moja, unapata 200. Unaongeza moja. Yeyote aliyewekwa wa kwanza na watu 201 anapita moja kwa moja. Nafasi zikibaki, mwenye kura chache kuliko wote anaondolewa na karatasi zake zinahamia kwa jina linalofuata. Hivyo hivyo mpaka watano watimie.

Maana yake nini? Unaweza kuwa wa tatu kwenye karatasi za watu 900 na bado ukabaki nje. Na unaweza kuwa hujulikani na wengi, lakini ukawa wa kwanza kwa watu mia mbili hivi, na ukaingia. Mfumo huu haumtafuti anayekubalika na kila mtu. Unamtafuta mwenye watu wake.

Kwa hiyo siamini kabisa kwamba kuna mtu alikaa na kuamua kumfuta Lupita. Ninachokiona mimi ni hiki: "Us" ilitoka Machi, kura zikapigwa mwanzoni mwa Januari, miezi kama kumi baadaye. Huko katikati zilitoka filamu zote zilizokusudiwa tuzo tangu siku ya kwanza. Studio iliyosambaza "Us", Universal, msimu huo huo ilikuwa na "1917", iliyoishia na uteuzi 10. Lupita alikuwa kwenye akili za wapiga kura wengi, sawa. Lakini kwenye mstari wa kwanza wa karatasi? Hapo ndipo palipomponza.

Aliyeingia kwa dola 27,000

Mfano unaoonyesha hesabu hii waziwazi ni wa Januari 2023, Andrea Riseborough.

Riseborough ni Muingereza aliyecheza "To Leslie", filamu ndogo kuhusu mama mlevi wa Texas aliyeshinda bahati nasibu na kuzitapanya pesa zote. Kwenye kumbi za sinema filamu ilikuwa imeingiza kama dola 27,000 tu. Si milioni. Elfu ishirini na saba. Hakukuwa na mabango wala matangazo makubwa.

Kulikuwa na simu na barua pepe. Muongozaji Michael Morris na mkewe, mwigizaji Mary McCormack, waliwaomba marafiki zao waitazame filamu na kuisemea. Marafiki hao ni watu wa aina ya Kate Winslet, Gwyneth Paltrow na Edward Norton, ambao wote wana kura. Ndani ya siku chache kabla na wakati wa kupiga kura, jina la Riseborough likaenea. Orodha ilipotoka, yumo.

Kelele zilizofuata si za kawaida. Akademi ikafanya uchunguzi kuona kama sheria za kampeni zimevunjwa, na mwisho wa mwezi ikatangaza kwamba uteuzi unabaki. Baadaye ikazikaza sheria za kampeni.

Kilichowauma watu hakikuwa Riseborough mwenyewe, maana aliicheza nafasi ile kwa roho yake yote. Kilichowauma ni walioachwa. Danielle Deadwyler wa "Till", aliyecheza mama wa Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Na Viola Davis wa "The Woman King", aliyecheza jemadari wa askari wanawake wa Dahomey. Wote wawili SAG iliwateua. Wote wawili Oscar ikawaacha.

Nimepiga hesabu yangu mwenyewe

Kila mtu ana hisia zake kuhusu nani huachwa na kwa nini. Nimejaribu kuiweka hisia kando kidogo nikahesabu.

Nimechukua orodha za SAG za mwigizaji bora wa kike kuanzia 2020 hadi 2025. Ni miaka sita, majina matano kila mwaka, jumla nafasi 30. Halafu nikalinganisha na Oscar za mwaka huo huo. Waliovuka kutoka SAG kwenda Oscar ni wanne mwaka 2020, wanne 2021, watatu 2022, watatu 2023, wanne 2024, wanne 2025. Jumla 22 kati ya 30.

Wanane waliodondoka ni hawa: Lupita Nyong'o, Amy Adams, Lady Gaga, Jennifer Hudson, Viola Davis, Danielle Deadwyler, Margot Robbie na Pamela Anderson.

Wanne kati ya wanane ni wanawake weusi.

Ngoja, inazidi. Katika zile nafasi 30 za SAG, za wanawake weusi zilikuwa 7 tu. Kwa hiyo kati ya 7, zilidondoka 4, zaidi ya nusu. Kati ya 23 za wengine wote, zilidondoka 4. Hiyo ni chini ya moja katika kila tano.

Najua mtu wa takwimu atasema namba ni ndogo mno, na yuko sahihi. Saba si kitu cha kujengea sheria. Tena upo mfano wa upande wa pili: mwaka 2021 aliyeingia Oscar bila SAG alikuwa mwanamke mweusi, Andra Day aliyemcheza Billie Holiday, na mwaka huo huo Viola Davis alivuka bila shida. Erivo naye amevuka mara zote mbili. Lakini mtu akikuambia kwamba malalamiko ya mashabiki ni kelele tu za mitandaoni, mpe hizo namba akae nazo.

Na jingine la kumpa: hadi sherehe ya Machi 2025, mwanamke mweusi aliyewahi kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike ni mmoja tu, Halle Berry, mwaka 2002.

Wakosoaji wakikupenda sana, jihadhari

Kuna jambo lingine ambalo mashabiki wapya huwa linawachanganya. Wanaona mwigizaji anakusanya tuzo za wakosoaji kila mji, wanamweka namba moja kwenye tano zao, halafu Januari hayumo kabisa.

Marekani kuna makundi matatu ya wakosoaji yanayoheshimika kuliko mengine: la New York, la Los Angeles, na chama cha kitaifa cha wakosoaji. Kuyapata yote matatu mwaka mmoja ni kazi. Sally Hawkins aliyapata kwa "Happy-Go-Lucky" ya 2008. Ethan Hawke aliyapata kwa "First Reformed" ya 2018. Marianne Jean-Baptiste aliyapata kwa "Hard Truths" ya 2024.

Walioteuliwa Oscar kati ya hao watatu kwa filamu hizo? Hakuna.

Kisa cha Jean-Baptiste ndicho kinachonikera zaidi. Mwaka 1997 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Uingereza kuteuliwa Oscar ya uigizaji, kwa "Secrets & Lies" ya Mike Leigh. Miaka karibu 30 baadaye akarudi kwa Leigh yuleyule na kumcheza Pansy, mama wa London anayegombana na kila kiumbe: mume, mwanawe, mhudumu wa dukani, daktari, mtu aliyeegesha gari. Mwanzoni unacheka. Ikifika nusu ya filamu hucheki tena, unamwogopa, halafu unamhurumia, na hakuna mahali filamu inakuambia ugonjwa wake ni upi. Kila mmoja wetu ana shangazi wa aina hiyo. BAFTA ya Uingereza ikamteua. Oscar, hola.

Utagundua Hawkins naye alikuwa filamu ya Mike Leigh. Timothy Spall, aliyeshinda Cannes mwaka 2014 kwa "Mr. Turner", filamu ya Leigh pia, naye hakuteuliwa. Leigh mwenyewe ameteuliwa mara kadhaa, kwa hiyo si kwamba wanamchukia. Filamu zake ni ndogo, wasambazaji wake hawana fedha ya kampeni ndefu, na wahusika wake hawalii pale unapotarajia walie. Wakosoaji hutazama mamia ya filamu kwa sababu ndiyo kazi yao. Mwigizaji mwenye kura yuko lokesheni, ana watoto, ana rundo la filamu kwenye programu ya Akademi, na atafungua ile iliyotajwa na rafiki yake.

Aina ya mateso wanayoyapenda

Machi 2, 2014, usiku Lupita aliposhinda Oscar kwa "12 Years a Slave", ukumbini alikuwapo mwana mwingine wa Afrika Mashariki aliyeteuliwa. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, aliyekuwa anaigiza kwa mara ya kwanza katika "Captain Phillips". Hakushinda Oscar, ila alishinda BAFTA.

Lupita alicheza mtumwa. Abdi alicheza haramia.

Rudi nyuma kidogo, 2007: Forest Whitaker, Mmarekani, alishinda kwa kumcheza Idi Amin katika "The Last King of Scotland", filamu iliyopigwa Uganda. Dikteta. Alistahili, sibishi. Lakini ukiziweka sura za ukanda wetu zilizowahi kuwavutia wapiga kura wa Oscar, unapata mtumwa, haramia na dikteta. "Queen of Katwe" ya 2016, ambayo Lupita alicheza mama muuza mahindi wa Kampala na binti yake bingwa wa sataranji akachezwa na Madina Nalwanga, Muganda, haikupata uteuzi hata mmoja. Watu maskini wenye furaha na akili? Hapana, asante.

Lupita mwenyewe amewahi kusema hadharani kwamba baada ya Oscar alianza kuletewa nafasi nyingine za mtumwa. Unapewa sanamu, halafu unaambiwa rudi ulikotoka.

Ongeza na suala la filamu za kutisha. Wapiga kura wa Akademi kwa miaka mingi wameziona kama burudani ya vijana. Toni Collette wa "Hereditary" aliachwa. Florence Pugh wa "Midsommar" aliachwa, wakamteua mwaka huo huo kwa "Little Women", nguo ndefu na chai. Wapo waliopenya: Kathy Bates alishinda kwa "Misery", Daniel Kaluuya aliteuliwa kwa "Get Out", ya Peele huyohuyo. Kaluuya, Muingereza ambaye wazazi wake ni Waganda, alikuja kushinda 2021 kwa "Judas and the Black Messiah", alipomcheza kiongozi wa kweli aliyeuawa. Mtu wa kihistoria, kifo cha kihistoria. Unaona mtindo?

Demi Moore alipoteuliwa 2025 kwa "The Substance", mashabiki wa filamu za kutisha walishangilia kama timu yao imechukua kombe. Akashinda Golden Globe, akashinda SAG. Kila mtu akamwandika namba moja. Machi 2, 2025 bahasha ikafunguliwa, Mikey Madison wa "Anora". Dalili ilikuwepo, Madison alishachukua BAFTA, lakini nani alitaka kuiona.

Utabiri ni mchezo mgumu hata kwa wenye sherehe. Aprili 2021 waandaaji waliipanga tuzo ya mwigizaji bora wa kiume iwe ya mwisho kabisa, watu wengi wakiamini ni ya marehemu Chadwick Boseman. Akatajwa Anthony Hopkins, ambaye hakuwepo. Sherehe ikaisha kimya, kama umeme umekatika.

Mchezo wa msaidizi

Nipite haraka hapa. Ukimwona mtu kwenye "mwigizaji msaidizi" usidhani kwamba ana nafasi ndogo. Studio huchagua zimkampenie wapi, na mara nyingi huchagua palipo rahisi. Viola Davis alishinda Tony ya mwigizaji mkuu kwa "Fences" jukwaani, akaja kushinda Oscar ya msaidizi kwa nafasi ileile kwenye filamu. Kieran Culkin na Zoe Saldaña walishinda usaidizi 2025 huku wakionekana karibu filamu nzima.

Wapiga kura hawafungwi na uamuzi wa studio. Mwaka 2009 Kate Winslet alipigiwa kampeni ya msaidizi kwa "The Reader", wapiga kura wakamhamishia ukuu, akashinda. Na mwaka wa Kaluuya, mwenzake LaKeith Stanfield alikampeniwa kama mkuu, wakamshusha usaidizi. Ikawa filamu ina wasaidizi wawili na haina mkuu. Anayeumia ni yule mwenye nafasi ndogo kweli, dakika kumi za moto, ambaye anashindanishwa na wakuu waliovaa koti la msaidizi.

Sheria mpya inagusa wapi?

Aprili 2025 Akademi ilitangaza kwamba mpiga kura lazima awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa kwenye kipengele kabla ya kukipigia kura ya mwisho. Mashabiki wengi walicheka: kumbe siku zote walikuwa hawazitazami?

Ni sheria nzuri. Lakini isome tena. Inahusu kura ya mwisho, watano wakishapatikana. Lupita hakuachwa kwenye kura ya mwisho. Deadwyler hakuachwa huko, wala Jean-Baptiste. Wote waliachwa kwenye hatua ya uteuzi, ambako filamu ni mamia na hakuna awezaye kumlazimisha mtu azitazame zote. Sheria imeweka mlinzi kwenye mlango wa pili.

Kinachoweza kubadilisha mlango wa kwanza ni wapiga kura wenyewe. Baada ya 2015 na 2016, miaka miwili mfululizo ambayo wateule wote 20 wa uigizaji walikuwa weupe, Akademi iliingiza wanachama wengi wapya, wengi wao kutoka nje ya Marekani. Matunda yanaonekana. Sandra Hüller aliteuliwa 2024 kwa filamu ya Kifaransa. Fernanda Torres aliteuliwa 2025 kwa "I'm Still Here" ya Brazil, bila SAG wala BAFTA, huku Wabrazil wakifurika kila ukurasa wa mtandaoni wa Akademi wenye picha yake. Mama yake, Fernanda Montenegro, aliteuliwa 1999. Filamu ikashinda tuzo ya filamu bora ya kimataifa, ya kwanza kwa Brazil.

Je, mwigizaji wa filamu ya Kiswahili anaweza kufika hapo? Kanuni hazimkatazi. Tanzania iliwahi kupeleka "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, na Siti Amina akiwa Mwajuma angeweza kusimama na wasaidizi wowote wa dunia. Tatizo ni kwamba tuzo ya filamu ya kimataifa inatosha filamu ionyeshwe nyumbani, ila ili mwigizaji ahesabike lazima filamu ionyeshwe kwenye kumbi za Marekani. Torres alikuwa na msambazaji mkubwa kule. Sisi bado.

Na wakati mwingine tunajiacha wenyewe kabla hatujaachwa. Mwaka 2018 "Rafiki" ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Kenya kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Mahakama ikaifungulia siku saba tu mwezi Septemba ili iweze kuwania, kumbi zikajaa. Kamati ya Kenya ikapeleka "Supa Modo", ambayo nayo ni filamu tamu, tusidanganyane. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia wa "Rafiki" akachaguliwa mwigizaji bora wa kike FESPACO, huko Burkina Faso.

Kwa anayepanga tano zake sasa hivi: subiri orodha ya SAG ya Januari. Ukiangalia miaka sita niliyoihesabu, hakuna hata mwaka mmoja ambao wote watano walivuka. Toa mmoja, ukijisikia jasiri toa wawili. Wa kuweka badala yao mtafute kwa waliocheza filamu za lugha nyingine zenye msambazaji mwenye nguvu, au kwa yule ambaye ghafla, wiki ya kura, waigizaji wakubwa wanne au watano wanaanza kumsifu kwa maneno yanayofanana.

Na Lupita? Mwaka 2024 alifanya filamu nyingine ya kutisha, "A Quiet Place: Day One", ambayo sehemu kubwa haongei, anacheza kwa macho na paka mkononi. Hakuteuliwa. Mwaka huo huo alikuwa sauti ya Roz, roboti wa "The Wild Robot", anayeanza akiongea kama mashine ya benki na kumaliza akiongea kama mama. Filamu iliteuliwa Oscar tatu: ya katuni, ya muziki na ya sauti. Yeye hapana. Mpaka hapo Akademi ilikuwa haijawahi kumteua mwigizaji yeyote kwa sauti peke yake.